Fundi Aliyejenga Gati Bila Kibali

Baada ya miaka thelathini na mitatu, miezi minne na siku kumi na moja ya utumishi, fundi wetu wa ujenzi anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Hesabu hiyo ni ya ofisi ya utumishi, ambayo kwa uangalifu mkubwa imeitoa ile miezi minane aliyosimamishwa kazi. Ningeachiwa mimi, miezi hiyo ningeihesabu mara mbili.

Wengi hapa Halmashauri hawalijui jina lake la kwenye faili. Ni Bwana Futi, kwa sababu ya futi kamba inayoning'inia kiunoni mwake siku za kazi, siku za mapumziko, na hata siku ya harusi ya binti yake mkubwa, alipoupima mlango wa ukumbi kabla hajasalimiana na wakwe. Mimi namwita Mwalimu. Nilifika idara ya ujenzi miaka kumi na sita iliyopita, cheti mkononi, mwanamke peke yangu kati ya wanaume kumi na mmoja, na kumi kati yao walidhani nimeletwa kupiga chapa. Yeye alinikabidhi pima maji akaniambia, "Binti, ukuta haujui nani mwanamume. Unajua nani kaunyoosha."

Alianza akiwa kibarua wa kuchanganya zege. Ngazi za mahakama ni kazi yake; wakubwa wengi wamezipanda na kuzishuka, wengine kwa kushushwa, nazo hazijapata ufa. Mtaro wa soko usiofurika ni wake. Madarasa mawili ya mtaa wa chini ni yake pia, na mvua ikinyesha walimu wa madarasa mengine huwahamishia wanafunzi humo.

Alikuwa na ulimi pia. Mwenyekiti wa Halmashauri alipoagiza kiti kipya cha ofisini, kiti kikagoma kupita mlangoni. Wapagazi wakakigeuza, wakakilaza, wakakisimamisha kichwa chini. Mwenyekiti akamwita Mwalimu aje kubomoa fremu. Mwalimu akapima kiti, akapima mlango, akasema, "Mheshimiwa, mlango hauna kosa. Ulijengwa kwa kipimo cha binadamu." Fremu ilibomolewa. Kauli hiyo nayo haikusahaulika.

Sasa niseme habari ya gati, kwa sababu ratiba ya sherehe imeandika tu kwamba mstaafu "alishiriki miradi mbalimbali ya maendeleo visiwani."

Nchi yetu ni ndogo. Ukipanda paa la Halmashauri unaiona karibu yote, pamoja na kile kisiwa kidogo cha kusini, dakika arobaini kwa boti. Wanaishi huko watu mia tisa, wenye zahanati moja na muuguzi mmoja. Maji yakipwa, boti husimama hatua themanini kutoka ufukweni, na abiria hushuka na kutembea juu ya miamba inayokata kama wembe. Mwani huvukishwa kichwani na mgonjwa hubebwa mgongoni. Kila mwalimu wa shule anayepangiwa kule hushuka mara moja, akaloa mpaka kifuani, kisha akaomba uhamisho.

Dada mkubwa wa Bwana Futi aliolewa huko. Ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, yeye akiwa na miaka sita. Kwa hiyo Mwalimu alikijua kisiwa kile kwa nyayo zake.

Kila uchaguzi ulikwenda na jiwe lake la msingi la gati. Mgeni rasmi alifika na boti ya mwendo kasi, akabebwa begani asiloe, akafunua kitambaa, akapigiwa makofi, akabebwa tena. Mawe yote manne aliyajenga Mwalimu. La nne aliponituma nikalimwagie maji likauke vizuri, muuguzi alisimama karibu yangu akiyatazama yote manne yamepangana. "Dada," aliniambia, "hapa kwetu gati limeota meno, lakini mdomo haujaja."

Kwa sherehe ya jiwe hilo ilipelekwa shehena nzima ya saruji, nondo na mbao: jukwaa la mgeni, njia ya kupita mgeni, na mnara wa kuwekea jina la mgeni. Kisha mgeni akasafiri nje, sherehe ikaahirishwa miezi mitatu. Saruji haisubiri ratiba ya mtu. Upepo wa chumvi ukiipata, inaganda mfukoni. Mwalimu aliandika barua tatu kuomba kibali aitumie kujenga gati lenyewe kabla haijaharibika. Nilizipiga chapa mimi na kuzipeleka mimi. Hakujibiwa hata kwa kukataliwa.

Akavuka. Kila maji yalipopwa, mchana baada ya mchana kwa wiki saba, watu wa kisiwa kidogo walisomba mawe, wanawake kwa makarai, wavuvi kwa mitumbwi, wanafunzi wakitoka shule. Yeye alipanga kuta mbili za mawe, akajaza katikati, akafunga nondo, akamimina zege juu yake na kuiwahi bahari kabla haijarudi. Dada yake alipika kwenye sufuria za zahanati na kumfokea mbele ya watu kila alipokataa kupumzika: "Wewe, gati litakuwepo kesho! Mdogo wangu mwingine sina!" Nilikuwepo, nimeshika kamba upande wa pili. Sijawahi kufanya kazi ya furaha kama ile, kabla yake wala baada yake.

Likatoka gati la mita sitini na mbili. Boti ya kwanza ilipofunga kamba maji yakiwa yamepwa kabisa, bibi mmoja alishuka na viatu vyake miguuni, akasimama, akavitazama. Alivua kanga ya kichwani akafutia machozi.

Asante ya punda ni mateke. Mwalimu alisimamishwa kazi kwa kutumia vifaa vya Halmashauri pasipo kibali. Kikao cha nidhamu kilimuuliza saruji ya jukwaa imekwenda wapi. Akajibu, "Iko kisiwa kidogo. Nendeni mkaikanyage." Alikaa nyumbani miezi minane, na alipoitwa tena aliwekwa stoo, kugawa misumari na majembe kwa mafundi aliowafundisha. Huko stoo ndiko anakotoka Ijumaa hii.

Katikati ya miezi hiyo minane uchaguzi ulikaribia. Mwenyekiti akavuka, safari hii bila kubebwa, akakata utepe wa gati na kubandika kibao chenye jina lake. Mwalimu alikuwepo kama mwananchi. Diwani wa kule alimshika mkono wakasimama nyuma ya umati. Nilimuuliza kama hakuona uchungu. "Kibao kimenyooka," alisema. "Nilikuwa na wasiwasi nacho."

Na gati lilifanya kazi. Boti ya barafu ilianza kufika, samaki wakauzwa wakiwa wabichi badala ya kukaushwa kwa shida. Daktari alikwenda kila Jumanne. Walimu wawili walipangiwa kule, wakakaa. Kwa miaka minne kisiwa kidogo kilipata maendeleo ambayo mawe manne na hotuba zake hayakuyaleta.

Ndipo akaja mwekezaji. Alitaka ufuo ule kwa ajili ya nyumba za wageni, na wageni wake hawakutaka kushuka botini pamoja na magunia ya mwani. Gati la umma haliwezi kupewa mtu hivi hivi. Lakini gati bovu linaweza kufungwa kwa usalama wa wananchi, na mwekezaji akaombwa, kwa wema wake, alitunze. Ilihitajika taarifa ya fundi.

Walimwendea kwanza yeye. Waliahidi kumrudishia cheo chote, ofisi ya ghorofa ya pili na dirisha lake. Katibu wa Mwenyekiti alishuka stoo mwenyewe na karatasi ikiwa imeshaandikwa. Mwalimu aliisoma akaikunja mara mbili, akamrudishia. "Hili gati ni zima. Likianguka, na mimi nitakuwa nimeshakufa zamani."

Kisha wakaja kwangu.

Nilivuka, nikapima. Nilipima kila mita, juu na chini, nikaona ufa mmoja mwembamba kama unywele, ambao si hatari hata kidogo. Nikaandika hivyo. Siku ya pili taarifa yangu ilirudi imebadilishwa: "nyufa kubwa, linaweza kuporomoka wakati wowote." Katibu alisimama mlangoni kwangu akizungusha kalamu. "Mama, mwenzio ameshazeeka. Cheo cha Fundi Mkuu kiko wazi, na sisi tungependa kumpa mtu anayeelewa." Nilielewa. Nikasaini. Sitasingizia watoto wangu wala ada zao, maana wapo watu wenye watoto waliokataa. Mwezi uliofuata nilipewa cheo, na ofisi ya ghorofa ya pili, na dirisha.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa Mwalimu, kilichokuwa nguoni nilikuwa mimi.

Uzio wa waya ukajengwa, na geti lenye kufuli. Watu wa kisiwa kidogo wakarudi majini.

Mwaka juzi, mwezi wa tatu, dada yake Mwalimu alibanwa na kifua. Muuguzi akaamua avushwe hospitali kubwa mara moja. Ilikuwa saa nne asubuhi na maji yalikuwa yamepwa. Walimkalisha kwenye kiti cha mbao, wanaume wanne wakakibeba mpaka getini. Mlinzi alikuwa mtoto wa palepale, alizaliwa mikononi mwa muuguzi huyohuyo. "Mama mkubwa, nakujua," alisema, machozi yakimlengalenga. "Lakini ufunguo anao meneja, na meneja yuko mjini." Muuguzi alimwomba akate waya, mlinzi akawa anatikisa kichwa tu.

Wakashuka miambani na kiti chao, gati likiwa hatua arobaini mkono wao wa kulia. Mmoja wao aliteleza. Kiti kikapinduka. Walimwinua upesi, lakini alikuwa ameshakunywa maji, na kifua kile hakikuwa na nafasi ya maji. Alilala hospitali siku tisa akafariki.

Baada ya mazishi Mwalimu alipanda ghorofa ya pili, mara yake ya kwanza tangu nihamie pale. Nilisimama. Hakukaa.

"Binti, ulipima?"

"Nilipima, Mwalimu."

"Ulipata nini?"

"Gati ni zima."

Aliitikia kwa kichwa, kama alivyokuwa akiitikia nilipomletea vipimo sahihi enzi zile. Akashuka stoo. Tangu siku hiyo hatujazungumza lolote zaidi ya misumari na majembe. Hajawahi kunitukana wala kunisema kwa mtu. Ningefurahi kama angenisema.

Jumatatu ya wiki hii nimekabidhi kwa Mkurugenzi barua ya kuifuta saini yangu, pamoja na vipimo vyangu vya kwanza, mita kwa mita. Nakala nimeibandika sokoni, na nyingine nimempelekea muuguzi aibandike zahanati. Sijajibiwa, na naijua vizuri namna hiyo ya kutojibiwa. Jarida hili la Halmashauri nalihariri mimi, kwa hiyo hakuna wa kuikata aya hii kabla haijachapwa. Wa kunikata mimi wapo, nao wanajua ofisi yangu ilipo. Basi ieleweke kwa kila atakayesoma: gati la kisiwa kidogo ni zima, halikuwahi kuwa bovu, na aliyesaini kwamba ni bovu alisaini uongo akijua ni uongo.

Mwalimu anahamia huko, kwenye nyumba aliyoachiwa na dada yake. Nilimfuata stoo kumwomba ruhusa ya kuandika habari zake. Alikuwa anafunga masanduku ya misumari. "Andika," alisema bila kugeuka, "lakini usinipambe."

Sijampamba. Kwa niaba ya idara ya ujenzi, tunakushukuru kwa kila ukuta uliouacha umenyooka na kila fundi uliyemfundisha, hata aliyepinda. Msamaha sikuombi humu, kwa sababu jarida litagawiwa ukumbini Ijumaa, na mbele ya wageni ungelazimika kutabasamu. Nenda ukapumzike, Mwalimu. Afya iwe yako, usingizi uwe wako, na siku zako zilizobaki asizipangie mtu ratiba.