Mtaa Uliokataa Kupimwa

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya duka la kinyozi. Mguu wake mmoja ulishavunjika, ukawekewa tofali, na anayekaa upande wa tofali ndiye mwenye neno siku hiyo. Siku zile upande huo ulikuwa wangu. Wananiita Takwimu, tangu niteuliwe msimamizi wa timu ya utafiti wa taifa wa lishe na afya ya kaya, na jina lenyewe nililipenda kupita kiasi. Wenzangu ni Daktari, ambaye ni kinyozi ila hana kichwa anachokinyoa bila kukitibu, na Fundi wa redio. Muuza kahawa yeye hana maneno, ana birika.

Jioni hiyo nilikuwa nimenywea. Jana yake timu yangu ilipita mtaani kwetu na mizani na ule ubao mrefu wa kupimia urefu wa watoto, na kila mlango waliobisha ulifungwa. Mimi nilibaki garini na makaratasi, kwa sababu niliamua msimamizi habishi hodi. Mratibu akanipigia simu: kesho mnarudi mara ya mwisho, mkifungiwa tena mtaa unaandikwa umekataa, na usimamizi anapewa mtu mwingine. Mtaa wangu mwenyewe, jamani.

Kilichoniuma ni kwamba taarifa nilishatoa. Wiki iliyotangulia niliwakusanya wakuu wa kaya hapa hapa benchini, nikawaeleza mpaka koo likakauka, wakanipigia makofi.

— Tatizo ni mizani, Fundi akasema. Ile ina betri. Kitu chenye betri kinatuma mawimbi. Mtoto akipanda tu, kilo zake zimeshafika huko juu.

— Huko juu wapi?

— Huko juu. Wanaojua wanajua.

Daktari akakataa katakata. Kwake yeye ubaya ulikuwa kwenye ubao: mtoto analazwa chali, huyu anashika kichwa, yule ananyoosha miguu, mama anadhani kaja seremala kuchukua vipimo vya kitu ambacho sikumwacha akitaje. Kahawa ikaongezwa, na akili nazo zikaongezeka. Ikabainika kwamba urefu wa watoto unakusanywa ili ijulikane milango ya nchi nzima ipunguzwe kiasi gani.

— Ndiyo maana wamefunga, Fundi akasema. Wanailinda milango yao.

Na mimi, msomi wao, badala ya kucheka nikachangia. Nikasema ukinzani wa jamii dhidi ya tafiti una mizizi mirefu ya kimfumo. Sijui nilimaanisha nini mpaka leo, lakini wote wawili walitikisa kichwa kukubali, basi nikaendelea.

Nilikuwa bado kwenye mizizi alipofika mke wa Daktari kufuata ufunguo wa nyumba. Akatusalimia, akauliza kulikoni, mbona nyuso zimekaa vile. Nikamweleza yote, la mratibu na la kesho, na alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo pale benchini halijazoeleka.

— Kumbe wale wa jana na ubao ni wako, shemeji?

— Ni wangu.

— Na wanachotaka ni kujua watoto wetu wanakula nini, na wanakua vizuri au la?

— Ni hicho tu.

— Mbona jambo jema. Sasa niulize. Kati yenu mlioelezwa, nani alikuja nyumbani akatuambia?

Fundi akapuliza kikombe kisicho na kitu. Daktari akautafuta ufunguo kwenye mfuko aliokwisha kuupekua. Muuza kahawa akainamisha birika, likatoa tone moja, akaanza kukusanya vikombe vyake.

Mimi nikacheka. Nikawaambia wenzangu kweli nyie ni watu wa ajabu, mtu anawapa habari ya taifa mnaiacha hapa benchini pamoja na makombo ya kashata.

— Usicheke, shemeji, akasema, tena kwa upole. Aliyetukataza kufungua ni mkeo. Tulikwenda kumuuliza yeye, kwa kuwa wewe ndiye mkubwa wa mambo hayo. Akasema kama kungekuwa na utafiti wowote, mume wake angemwambia yeye kwanza.

Nilisikia aibu mpaka kwenye masikio. Maana mke wangu aliniuliza, tena si mara moja, kazi hii mpya ni kazi gani. Nikamjibu ni mambo nyeti, asingeyaelewa. Yule mwanamke alikuwa ananitetea mbele ya mtaa mzima, nami sikumpa hata neno moja la kunitetea nalo.

Nikainuka upande wa tofali, nikamwachia yeyote anayeutaka. Nilipita timu ilikohifadhi vifaa, nikauchukua ule ubao, nikauweka begani, nikaenda moja kwa moja nyumbani. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikabisha, kwa mara ya kwanza tangu nianze usimamizi.

— Hodi.

— Nani?

— Mtu wa utafiti.

Sauti yangu aliijua vizuri sana.

— Pole, akasema. Mume wangu hajaniambia kitu.