Chai ya Rangi Isiyokuwa na Rangi

Benchi la Didi Menuka, dada yetu muuza chai, hapa Sonada limewekwa mahali ambapo mtu mwenye akili hawezi kuweka benchi. Mgongo unaegemea ukuta wa kibanda chake, magoti yanakaribia reli. Treni ndogo ya Darjeeling ikipita tunavuta miguu, tunainua vikombe, tunaendelea kubishana. Wenye benchi tuko wanne. Kapteni, Dilman Gurung, hakuwahi kuwa kapteni, alikuwa mpishi wa jeshi, lakini ukimwita mpishi anakununia wiki nzima. Profesa alipiga kengele ya shule mpaka akastaafu, na anaamini elimu ilimwingia kupitia madirishani. Redio ni Phurba Tamang, mpiga debe wa magari ya kwenda mjini Siliguri, mdomo haupumziki hata ukiwa na kipande cha churpi, ile jibini kavu ya kutafuna kutwa. Mimi natengeneza miamvuli, nao wananiita Mwamvuli, na kwa mvua za huku sijawahi kulala njaa. Ilikuwa mwisho wa Machi, ukungu umeshuka mpaka kwenye sufuria. Huko mabondeni walikuwa wanachuma mchumo wa kwanza, majani machanga kabisa baada ya baridi, yale yanayopanda ndege kabla hujapiga chafya. Sisi tulikuwa tunakunywa chai yetu ya kila siku: vumbi la chai kutoka bondeni, maziwa tele, sukari ya kushtua meno.

Ndipo akatokea Tikaram Chettri, kibarua wa kiwanda cha chai cha huko chini. Amenyoa kipara. Amevaa koti jeupe la kiwandani. Mikono ameikunja nyuma, hampi mtu mkono.

TIKA: Didi, yangu leo bila maziwa.

Tukashusha vikombe. Kwetu mtu akifiwa na mama haonji maziwa mwaka mzima. Ananyoa, anavaa nyeupe, hali vitunguu, hashikwi na watu. Na mama yake Tika, Aama Dhanmaya, nilimwona Jumapili anafukuza kuku kwa ufagio, mzima kabisa.

DIDI: Bila maziwa kabisa, mdogo wangu?

TIKA: Hata tone. Tangu Jumatatu.

KAPTENI: Jumatatu! Na sisi tumekaa hapa kama magogo. Pole sana, mdogo wangu.

TIKA: Ahsante, Daju, kaka yangu. Ndiyo maisha, ukiyataka lazima ujinyime.

Profesa akamsogezea sahani ya bagia. Tika akarudi nyuma kama amesogezewa nyoka.

TIKA: Hizo zina vitunguu. Vitunguu marufuku. Pilipili ndiyo usiseme. Hata mafuta ya nywele, ndiyo maana nimeona heri ninyoe.

PROFESA: (ananong'ona) Mfiwa anakaa ndani siku kumi na tatu. Huyu mbona yuko kijiweni?

REDIO: (ananong'ona kwa sauti ya stendi) Nyumba haina mtu mzima wa kumwelekeza. Aliyekuwa anamwelekeza ndiye kaondoka.

KAPTENI: Na uchungu, Tika? Unauweza?

TIKA: Siku ya kwanza nilikunja uso. Sasa nauzoea. Ukitulia nao, kuna utamu unakuja kwa nyuma.

Didi akageukia ukuta na kulia ndani ya upande wa sari. Redio akanyanyuka taratibu, akapotelea kwenye ukungu. Tulidhani anakwenda kujisaidia.

KAPTENI: Wakati anaondoka, alisema neno lolote?

TIKA: Nani?

KAPTENI: Mama.

TIKA: Anaondoka kwenda wapi? Nimemwacha nyumbani anamenya viazi.

Tukatazamana. Didi akafuta macho, akamrushia Tika kijiko.

DIDI: Mshenzi wewe. Unaagiza chai ya msiba na mama yako anamenya viazi?

Ndipo kijana akatueleza: maziwa, vitunguu, mafuta, hata mikono ya watu, vyote vinaharibu ulimi na pua ya kuonjea chai. Muonjaji wa shamba ameacha kazi. Kesho asubuhi meneja atawapanga vibarua watatu mbele ya vikombe, na atakayetambua mchumo wa kwanza wa mwaka huu katikati ya chai nyingine atapewa kazi hiyo, kazi ya kudumu. Na hiyo ya kudumu ndiyo yenyewe. Nyumba wanayokaa ni ya shamba, na shamba linataka mkazi mwenye kazi ya kudumu. Aama amestaafu kuchuma, Tika ni kibarua. Asipopata, mama na kuku wake watahama, na hakuna ajuaye waende wapi.

KAPTENI: Sasa shida iko wapi? Chai ni chai. Unakunywa, unasema ndiyo hii.

TIKA: Shida nameza, Daju. Muonjaji anavuta kidogo, anazungusha mdomoni, anatema kwenye ndoo. Juzi meneja alitujaribu. Vikombe vya mwanzo nilipatia vyote, kisha nikapotea, kwa sababu nimemeza kila kimoja na ulimi umelewa. Meneja akaniambia, wewe hukuonja, wewe umekunywa.

PROFESA: Basi tema. Kutema nako kunahitaji shule?

TIKA: Najaribu. Ikifika mdomoni namwona Aama na kapu mgongoni, koo linafunguka lenyewe.

Hapo hata Kapteni alikohoa na kutazama reli. Kisha Tika akatoa mfukoni kijikaratasi kilichosokotwa. Ndani majani, machache, mengine ya kijani, mengine na vinyweleo vya fedha. Meneja amempa afanyie mazoezi.

KAPTENI: Huu ndio mchumo wa kwanza? Mbona kama umefagiliwa kwenye uwanja wa shule?

PROFESA: Chema chajiuza, kibaya chasokotwa kwenye karatasi.

DIDI: Leteni niichemshe.

TIKA: Didi, sufuria hiyo ina harufu ya maziwa tangu ulipoolewa.

Tika akaisugua mwenyewe kwa majivu, akateka maji mapya. Na hapo ndipo mabishano yalipowaka, kwa sababu kila mtu hapa Sonada amezaliwa juu ya chai na hakuna anayekubali kufundishwa.

KAPTENI: Jeshini tulichemsha chai tangu alfajiri mpaka kijiko kisimame chenyewe. Kijiko kikilala, hiyo si chai, hiyo ni mvua.

TIKA: Hii haichemshwi, Daju. Maji yakianza kutoa vijipovu unaepua, unamimina, unafunika, unangoja kidogo tu. Ukizidisha inakasirika.

PROFESA: Na hapo ndipo siri ilipo. Huku juu mlimani maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Nilisikia somo hilo dirishani. Ndiyo maana watu wa huku wana hasira za ghafla: tunachemka mapema.

KAPTENI: Wewe ulisikia nusu, ukaenda kupiga kengele.

PROFESA: Nusu yangu inazidi nzima yako. Isitoshe, Wajapani hawainywi kabisa. Wanainusa, wanaifungia kabatini, wanawarithisha watoto.

KAPTENI: Usituletee chai, Profesa.

PROFESA: Sasa hapa nilete nini, kahawa?

Maji yakatoa vijipovu. Tika akamimina, akafunika bakuli kwa sahani. Kapteni akasema muda wa kungoja hupimwa kwa wimbo wa taifa, akausimamia mguu sawa, akasahau ubeti, akarudia mwanzo. Tika akafunua bila kumsubiri.

Tukainama wote. Chai ya njano iliyopauka, unaona mpaka chini.

KAPTENI: Hii wanaiita chai nyeusi?

TIKA: Ndivyo inavyoandikwa kwenye maboksi.

KAPTENI: Chai ya rangi, isiyokuwa na rangi. Mtoto wa binti yangu huwa anatoa yenye rangi kuliko hii.

PROFESA: Tazama jani lile linavyoelea. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Tukapokezana bakuli. Tika akatuambia tuvute kwa kelele, hewa ipande puani. Profesa akaeleza kwamba ulimi ni kiziwi, lazima uupigie kelele ndipo usikie, na akavuta kwa mlio uliowafukuza mbwa wawili.

DIDI: Mimi nasikia maji ya moto.

KAPTENI: Mimi nasikia nimedanganywa.

PROFESA: Mimi nasikia… ngoja. Dirisha la darasa la tatu, baada ya mvua.

Mimi nilivuta nikasikia kitu, sitaki kusema uongo. Kama maua niliyowahi kupita karibu yake bila kusimama. Nilikaa kimya, maana benchi hili ukisema neno kama hilo umejipa jina jipya.

Zamu ya Tika. Akavuta. Akazungusha. Mashavu yakavimba, macho yakamtoka, sote tukamwambia tema, tema, tema. Koo likapanda, likashuka.

DIDI: Kameza.

TIKA: Nimemeza.

Akaweka bakuli chini, akashika kipara chake kwa mikono miwili. Kesho ilikuwa imekaa pale benchini katikati yetu.

Ndipo tukasikia sauti ya Redio kutoka kwenye ukungu: Pisheni, pisheni, msiba. Nyuma yake wanaume wanne na mianzi mibichi miwili begani, ile ya kutengenezea jeneza. Na nyuma ya mianzi, amejifunika shali, ufagio mkononi, anahema kwa kupanda mlima, Aama Dhanmaya mwenyewe.

AAMA: Nimekuta watu wanaingia kwangu na vitambaa vyeupe. Nawauliza nani amekufa, wananitazama kisha wanatazamana. Mmoja kaniambia pole. Nani amekufa?

Kila mtu akamtazama Redio.

REDIO: Aama, lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Ufagio ukamfikia begani kabla hajamaliza kutafuna. Kisha macho ya mama yakashuka kwenye bakuli.

AAMA: Tika. Bakuli hilo lina nini?

TIKA: Chai, Aama.

AAMA: Maziwa yako wapi?

Kijana akavuta bakuli karibu na kifua.

AAMA: Mimi nimekufa?

TIKA: Hapana, Aama.

AAMA: Nyumbani unaniambia tumbo linakusumbua, kumbe unafanyia mazoezi kifo changu. Menuka, mtilie maziwa.

Didi akashika birika la maziwa. Tika akafunika bakuli kwa kiganja. Mama na mwana wakatazamana, na mimi nilitamani niwe nimekwenda kufunga miamvuli yangu.

TIKA: Ni kwa ajili ya nyumba, Aama. Ndivyo inavyoonjwa. Wakubwa wote wanainywa hivi.

AAMA: Wote mama zao wamekufa?

Tukafikiri. Kapteni alianza kuwahesabu kwa vidole. Profesa, ambaye ana jibu la kila kitu tangu uumbaji, alitazama kengele ambayo haipo.

TIKA: Hawanywi, Aama. Wanavuta, wanazungusha, wanatema.

AAMA: Wanatema?

TIKA: Kwenye ndoo.

AAMA: Hii tunayochuma sisi. Majani mawili na chipukizi, tusivunje, tusiminye, tusichanganye. Wanaitema.

Alisema bila ukali wowote, na ndiyo maana iliuma. Nikaona haya, sijui kwa niaba ya nani. Alitazama vidole vyake, ule utomvu mweusi usiotoka hata kwa majivu. Kisha akaketi kwenye benchi, katikati ya Kapteni na Profesa, akapanga shali.

AAMA: Na wewe unaimeza kwa nini?

TIKA: Naona ni dhambi kuitema. Ni mgongo wako huo.

AAMA: Mgongo wangu ninao hapa, unaniuma mwenyewe, hauko kwenye bakuli. Sikiliza. Ukiimeza bila maziwa, umenizika. Ukiitema, hujanywa, na mimi niko hai. Sasa chagua.

Tika akachukua bakuli. Akavuta kwa kelele, macho yake kwa mama, akazungusha shavu hili na shavu lile. Koo likaanza kupanda. Aama akainua ufagio kidogo. Na kijana akatema, mkondo mrefu mnyoofu uliovuka reli ya kwanza, na mkia wake ukatua kwenye buti za jeshi za Kapteni.

KAPTENI: Buti hizi zimepita Kashmir.

DIDI: Tika, umesikia nini?

TIKA: Subiri. Haijaondoka. Nimeitema na bado ipo. Maua, halafu kijani, halafu ule utamu wa nyuma. Yote ipo, Aama.

Akavuta tena, akatema tena, na tena, mpaka bakuli likaisha, anacheka kama mtu aliyefunguliwa kamba. Kapteni alihama upande. Redio, kwa kutaka kusamehewa, alitangaza kwa sauti ya stendi kwamba kesho kazi ni ya Tika, na mara hii hakuna aliyemwambia anyamaze.

AAMA: Kesho huko ofisini uteme vizuri. Leo jioni unakuja nyumbani, unakunywa ya maziwa mbele yangu.

Didi akamtilia Aama kikombe cha maziwa mazito, naye Aama akanywa mpaka chini. Kisha akasimama, akawageukia wale wenye mianzi, ambao hawakujua wairudishe wapi.

AAMA: Hiyo nileteeni. Banda la kuku limelala upande.

Wakaibeba. Yeye akatangulia mbele ya mianzi ya jeneza lake mwenyewe, ufagio begani, akishuka mteremko. Alipofika kwenye kona akageuka, ukungu umeshamfika kiunoni.

AAMA: Nyinyi wenye akili za benchini. Wakubwa wanaitema. Nyinyi mmeionja leo tu, na mimi niliyeichuma sijawahi kuiweka mdomoni. Sasa anayeimeza ni nani?

Treni ikapiga honi karibu na soko. Tukavuta miguu, tukainua vikombe. Ilipita taratibu, mabehewa yake mawili, watalii madirishani wakitupungia mikono, na ilipokwisha kupita Aama alikuwa bado amesimama pale kwenye kona anasubiri jibu.