Chenga za Moyo Wangu

Kijiwe chetu kipo Manundu, Korogwe, mbele ya duka la mitumba ambalo zamani lilikuwa la ushirika. Benchi ni taruma la reli. Hatuulizani lilifikaje pale. Asubuhi ile ya mwaka tisini na sita nilifika nikiwa na picha ya moyo wangu ndani ya shati. Jina langu Mbaruku, ila hapa naitwa Pasipoti, kwa kuwa niliendesha malori hadi Lubumbashi na safari zile nimezisimulia mpaka watu wamechoka. Mipaka yote nilivuka kifua mbele. Lakini hospitali ya wilaya nilikuwa nimetoka mbio kwa mlango wa jikoni.

Nikawaeleza wenzangu. Wamekuja madaktari na mashine inayopeleka sauti kifuani; sauti ikirudi inachora msuli wa moyo, picha ya chengachenga kama runinga iliyokosa mawimbi. Kisha kompyuta inazipima zile chenga, zilivyo laini na zilivyopangana, inazilinganisha na za mioyo mizima. Mmoja wao, Daktari Hiza, alisema bado wanaijaribu, ila huenda ikautambua msuli mgonjwa mapema. Akatoka kumwita mwenzake. Picha ipo mezani, mlango upo wazi, nami nikamkumbuka kaka yangu. Alikaa chini shambani Mashewa kama mtu anayepumzika, hakuinuka tena. Alikuwa mdogo kuliko nilivyo leo. Na siku hizi mimi nikipanda mlima wa Vugiri nasimama mara nne, najifanya natazama mandhari.

— Kwa hiyo umekimbia, alisema Adamu, muuza kahawa wetu. Tunamwita Redio, maana hana kitufe cha kuzimia.

— Sikukimbia. Nimekuja kwa wataalamu.

Wa kwanza kuipokea picha alikuwa mzee Mhina, yaani Gredi. Miaka thelathini alipanga katani kwa madaraja, mpaka shamba likauzwa kwa tajiri na yeye akarudishwa nyumbani. Akaipapasa kwa mgongo wa kidole.

— Gredi ya tatu.

— Mzee Mhina, huo ni moyo!

— Nyuzi ni nyuzi. Tazama mabaka haya. Katani ya hivi ilichelewa kuanikwa. Umewahi kulala na shati bichi?

— Mara moja, safarini Kapiri Mposhi. Mvua ilitukuta.

— Unaona sasa!

— Achana na majani yako, mzee, alisema Keriako, muuza nyama wetu kutoka upande wa Handeni, huku akiivuta picha. Huu ni msuli. Mimi nimepasua mioyo tangu sijaota ndevu. Ng'ombe akitembezwa kiangazi kutoka kule mpaka mnadani, moyo wake unakuwa hivihivi. Umekomaa.

— Anaendelea vizuri? niliuliza.

— Nani?

— Huyo ng'ombe.

— Tulimla.

Nikaomba kahawa nyingine.

— Ninyi mnasema mambo ya enzi za foleni ya sukari, alidakia Redio. Tangu wafungue milango ya biashara vinaingia vitu vya ajabu. Kuku wa barafu! Mafuta ya kopo! Vyote hivyo vinaganda kifuani. Halafu lile dishi la gesti ya stendi, limeelekea wapi?

— Juu.

— Juu ya nani? Pasipoti anapita chini yake kila siku. Hizi chenga ni matangazo ya Uarabuni, kaka. Weka sikio utasikia taarifa ya habari.

Keriako akaweka sikio kifuani kwangu kweli. Tukasubiri.

— Vipi?

— Unakimbia, alisema taratibu. Unakimbia sana.

Gredi akanyakua picha aielekeze juani, kiwiko kikagonga kikombe, kahawa ikaruka. Akaifuta kwa kofia, ikazidi kuenea. Keriako akamsaidia kwa vidole vyenye mafuta ya mbuzi.

Hapo ikasimama baiskeli, na juu yake Sista Lea wa hospitali, jasho linamtoka.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba.

— Mzee Mbaruku, nimekutafuta mpaka nyumbani. Mkeo, Mama Mwantumu, analia, maana hakujua kama ulikuja kupimwa.

Nikatazama viatu vyangu.

— Daktari anaomba picha. Ndiyo ilikuwa iingizwe kwenye kompyuta, hakuna aliyeisoma bado. Na saa nane madaktari wanaondoka na mashine yao kwenda Handeni.

Nikampa. Akaigeuza huku, akaigeuza kule, akaisogeza karibu na macho.

— Wazee wangu, hivi vidoa, vipi ni vya moyo na vipi ni vya kahawa?

Keriako akajifuta vidole kwenye shuka lake.

— Mashine inaweza kunipiga tena? niliuliza.

— Inaweza, mzee. Ila kifua lazima uje nacho mwenyewe.

Nikapanda nyuma ya baiskeli ya mtoto wa watu, mimi niliyeendesha tani thelathini, nikashika kiti kwa mikono miwili. Tulipofika kwenye kona niligeuka. Wote watatu walikuwa wanatufuata kwa miguu, Redio ameliacha birika lake juu ya jiko, na hakuna aliyekuwa akisema neno.