Dk. Eliamini Senzighe, Aliyehesabu Waliowahiwa

Dk. Eliamini Senzighe alizaliwa hapa Chome tarehe 14 Agosti 1955, mtoto wa kwanza wa Mzee Anderson na Mama Fortunata. Mdogo wake, Zephania, alimfuata miaka minne baadaye. Ndugu hao walichunga pamoja na kuchapwa pamoja, lakini kwa karibu miaka kumi na miwili ya mwisho hawakusalimiana. Familia imekubali jambo hilo lisemwe leo, kwa kuwa Chome nzima inajua nusu yake.

Marehemu alisoma shule ya msingi hapa, akashuka Same kwa sekondari, kisha Morogoro, alikopata shahada ya udaktari wa mifugo mwaka 1981. Miaka sita baadaye alirejea kutoka ng'ambo akiwa mtaalamu wa kufuatilia magonjwa ya mifugo ya nchi za joto: yanaanzia wapi, yanasafiri na nani, yatapiga wapi kesho. Mama yake alisikitika kidogo. Alitarajia daktari wa watu, akapewa wa ng'ombe, na huyo naye hatibu, anahesabu tu.

Lakini hesabu zake ziliokoa watu. Mwaka 1988 alitumwa vijiji vya tambarare, chini ya Same, kulikoshukiwa kimeta, ugonjwa unaoua ng'ombe ghafla na kumpata anayeishika au kuila nyama yake. Fomu iliuliza: wangapi wamekufa? Kila boma lilijibu hakuna, na huku ngozi mbichi zimewambwa juani. Mwishowe mama mmoja, Maua, akamwambia, "Mwanangu, sisi hatujafiwa na ng'ombe. Watatu walianguka, tukawawahi." Yaani waliwatia kisu kabla roho haijatoka, nyama isije ikawa kibudu. Marehemu alilikata swali la fomu kwa kalamu, akaandika: wangapi mliwawahi? Ndani ya wiki moja hesabu ilitoka sifuri ikafika sitini na mbili, na chanjo ikaletwa. Aliuliza swali hilo kila alikokwenda, hadi alipostaafu mwaka 2015.

Alifunga ndoa na Dorkas tarehe 6 Januari 1990. Harusi ilichelewa miezi miwili kwa sababu bwana harusi aliwapima damu ng'ombe wa mahari yake mwenyewe, akamkuta mmoja ana ugonjwa wa kutupa mimba. Wakwe walidhani anatafuta pa kutokea. Walijaliwa binti mmoja, Irine.

Sasa lile jambo. Mzee Anderson alizikwa Jumamosi, tarehe 15 Juni 2013. Zephania ndiye aliyetoa dume la msiba, alilolinunua tambarare. Asubuhi ile dume lilianguka nyuma ya nyumba, naye akachomoa kisu. Marehemu alipofika, nyama ilikuwa imeshakatwa, kina mama wameinjika masufuria, na waombolezaji zaidi ya mia tatu wanapanda mlima. Alitazama damu kwenye karai. Ilikuwa nyeusi, na haikuganda.

"Huyu alikuwa mzima alipochinjwa?"

"Alianguka, nikamwahi," Zephania akajibu.

Marehemu akaenda kusimama mlangoni mwa jiko. "Nyama hii haipandi motoni."

"Kaka, unataka baba azikwe kwa maharage?"

"Azikwe kwa maharage. Sitaki Jumamosi ijayo tuzike tena."

Zephania alikuwa bado ameshika kisu. Marehemu hakusogea, na kisu hatimaye kilishuka. Nyama ilifukiwa kwa chokaa, likawa shimo la pili siku hiyo. Kila aliyelishika dume alipewa vidonge. Zephania alivitupa migombani.

Sampuli ya damu iliharibika njiani kabla ya kufika maabara, na hakuna aliyesikika kuugua. Basi ukoo ukasema mtaalamu amemwaibisha baba bure. Zephania akaacha kumpa kaka yake shikamoo, hata mlangoni mwa kanisa.

Novemba 2024 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, ikiwa imeshaenea, akalazwa Moshi. Jumapili, tarehe 2 Machi 2025, Irine alipiga simu. "Shikamoo baba mdogo. Baba anakuulizia. Kama unakuja, njoo leo." Mvua ilikuwa imekata barabara. Zephania alishuka kwa miguu hadi alipopata bodaboda, akapandia basi Same. Njia nzima aliogopa kitu kimoja, kwamba angemkuta kaka yake amekwenda, na neno alilolibeba abaki nalo.

Alimkuta macho wazi. Akasema shikamoo, akaitikiwa marahaba. Kisha akapandisha mkono wa shati, akaonyesha kovu. Juma lile la msiba kipele kilimtoka, kikawa kidonda cheusi kisichouma. Alikwenda kutibiwa Mwanga, asikojulikana, na mganga wa hospitali akamwambia wazi kuwa ni kimeta. Zephania alilimeza neno hilo kwa aibu, akaacha kaka yake asemwe miaka yote hiyo.

Marehemu hakumlaumu. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Kilitoka siku ya ngapi?"

"Ya tatu."

Akamwonyesha Irine mkoba chini ya kitanda, lilimokuwa daftari la mwaka 2013. Mstari wa Chome ulisomeka: dume mmoja, aliwahiwa. Mahali pa majibu palikuwa patupu. Kalamu ilimshinda marehemu, hivyo Zephania akaandika mwenyewe: kimeta.

"Mdogo wangu," marehemu akasema, "umeniwahi."

Alifariki dunia kesho yake, Jumatatu, tarehe 3 Machi, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa. Ameacha mjane, Dorkas, binti, Irine, wajukuu wawili, na mdogo wake Zephania, aliyeandika wasifu huu na ndiye anayewasomea.

Ng'ombe wa leo alikuwa mzima alipochinjwa. Cheti cha mkaguzi kimebandikwa mlangoni mwa jiko, pale pale aliposimama marehemu. Kuleni bila hofu.

Shikamoo, kaka. Pumzika, mstari umejaa.