Shangazi Haunani na Paa Lililopona Zamani

Leo, Ijumaa tarehe 28 Juni 2024, Bi. Haunani Medeiros anastaafu baada ya kuitumikia Ofisi ya Uandikishaji wa Silaha ya Kaimalu kwa miaka thelathini na minne na miezi minne kasoro siku mbili. Hizo siku mbili ameniagiza mwenyewe nizitaje. Hapendi kukadiria.

Aliajiriwa kwa muda. Barua yake ya kazi, ambayo bado imo kwenye jalada, inasema atashika dirisha la tatu kwa miezi mitatu, hadi mwenye dirisha arudi kutoka likizo ya uzazi. Mwenye dirisha hakurudi, na hakuna mkubwa aliyekumbuka kumwambia Bi. Haunani kwamba miezi mitatu imepita. Mtoto aliyezaliwa wakati ule sasa ana ndevu na watoto wawili.

Dirisha la tatu ni la wanajeshi wa Kambi ya Halemoa. Sheria ya jimbo letu la Hawaii inamtaka kila anayeingia na bunduki aiandikishe ndani ya siku tano tangu afike yeye au ifike bunduki, kwa kutegemea nani kachelewa. Mwanajeshi naye hasamehewi, na hapo ndipo utamu unapoanza. Askari anaweza kukaa kwetu miaka mitatu akabaki mtu wa Nebraska, akapiga kura Nebraska na kuendesha gari lenye namba za Nebraska. Bunduki yake haina bahati hiyo. Ikishuka melini Jumatatu, wiki inayofuata ni mwenyeji halali wa visiwa hivi, na pengine ina karatasi nyingi kuliko bwana wake.

Wageni walifika dirishani wamekakamaa, kasha mkononi, wakijibu kila swali kwa "Ndiyo, Mama!" Jibu la Bi. Haunani lilikuwa moja miaka yote: "Mama yako yuko kwenu anasubiri umpigie simu. Hapa mimi ni Shangazi. Sasa fungua kasha polepole, na mdomo wa bunduki uangalie ukuta, usiangalie tumbo langu. Tumbo hili nimelijenga kwa malasada, maandazi yetu ya sukari, sitaki litobolewe." Baada ya hapo askari alicheka, mabega yakashuka, na fomu ikajazwa bila makosa. Kuna luteni mmoja aliyekuja siku ya kumi na mbili akiapa kwamba ni ya tano, kwa kuwa hakuhesabu Jumamosi, Jumapili wala siku zilizonyesha mvua. Shangazi alimwonea huruma, akampa musubi, tonge la wali lenye nyama ya kopo, kisha akampeleka kwa Inspekta, mkuu wa ofisi.

Ni yeye aliyeipunguza fomu yetu kutoka kurasa kumi na moja hadi nne. Hakuomba ruhusa, na makao makuu hawajagundua mpaka leo. Naomba nakala ya kijarida hiki isipelekwe makao makuu.

Lakini siwezi kumuaga Shangazi bila kusimulia habari ya Koplo Wade Lindquist, ingawa mimi hainiletei sifa.

Septemba 2014, Koplo Lindquist aliletewa kwa meli bunduki ya kuwindia aliyoachiwa na babu yake. Ilifika Jumatatu. Siku ya tano iliangukia Jumamosi, na Jumamosi sisi tumefunga, kwa hiyo mwisho wake ulikuwa Ijumaa saa tisa na nusu alasiri. Kijana alikuwa amechaguliwa kwenda kusomea uganga wa helikopta, kuokoa majeruhi kutoka angani. Akishitakiwa kwa bunduki isiyoandikishwa, nafasi hiyo inakwenda kwa mwingine.

Askari anayelala bwenini haruhusiwi kuweka bunduki chini ya kitanda. Lazima ikae kwenye ghala la kambi. Basi Jumanne akaipeleka ghalani. Mtunza ghala mpya, Sajenti Burrell, mtu wa kufuata kitabu mpaka nukta, akamwambia, "Lete kwanza cheti cha uandikishaji." Akaja kwetu. Dirishani palikuwa na tangazo lililosema kwamba waombaji wanaoishi kambini walete kwanza muhuri wa ghala. Akarudi ghalani. Akaja kwetu. Kwa siku tatu bunduki ya marehemu babu ilizunguka Kaimalu kama harusi isiyo na ukumbi, na usiku ikalala kwa rafiki aliyepanga nyumba mjini.

Ijumaa saa nane mchana alisimama tena mbele ya dirisha la tatu. Macho yalikuwa mekundu. Alisema, "Shangazi, mimi sibishani na sheria. Niambieni tu ipi inaanza, niifuate."

Shangazi aliweka kalamu chini. Watunza ghala waliotangulia walikuwa wakigonga muhuri bila kuuliza, kwa hiyo hata yeye alikuwa ameudai muhuri ule miaka mingi bila kujiuliza unatoka wapi. Akamuuliza mwenzetu wa dirisha la kwanza, akajibiwa ni sheria. Akampigia simu Sajenti Burrell, naye akasema utaratibu umeandikwa kwenye kitabu cha mapokezi cha kambi, na kambi iliunakili kutoka kwenye tangazo letu. Ndipo akatoa kwenye droo kitabu cha sheria, kile chenye punje za wali zilizogandia kurasani, akasoma kifungu chote kwa kidole, mstari kwa mstari, huku saa ya ukutani ikienda. Bunduki imetajwa. Siku tano zimetajwa. Muhuri wa ghala haumo.

Alibandua tangazo. Lilikuwa limevikwa plastiki mara mbili, na bango la simu za dharura lilikuwa limefunika mstari wake wa mwisho. Mstari huo ulisema: "Kwa muda, hadi paa la ghala likarabatiwe." Chini yake kulikuwa na tarehe ya mwaka 2003 na herufi mbili, R.A.

Mimi ndiye R.A. Mwaka ule paa la ghala lilivuja, nafasi ikawa ndogo, nikaandika tangazo la wiki mbili ili tujue kama pana pa kuweka bunduki kabla hatujaziandikisha. Paa lilizibwa. Mimi nikaenda likizo kwa dada yangu. Wiki mbili zikawa miaka kumi na moja, na maneno yangu yakazunguka kambini yakaturudia yamevaa sare.

Nilinyoosha mkono mbele ya ofisi nzima. Shangazi akaniuliza kwa upole, "Rodel, mwanangu, paa limeshapona?"

Nikasema limepona.

"Na tangazo umeliambia?"

Cheti cha Koplo Lindquist kiligongwa muhuri saa tisa na dakika ishirini na mbili. Aliinama akamkumbatia Shangazi kupitia kidirisha, kitendo ambacho kanuni zetu zinakikataza, na Shangazi hakusoma kanuni hiyo kwa sauti. Koplo alikwenda kusoma. Leo anaruka na helikopta kwao Nebraska, na kila Septemba hutuletea boksi la bisi kwa posta, limeandikwa: Kwa Shangazi. Rodel asipewe.

Tangu siku hiyo swali lile limekuwa dawa ya ofisi. Mkubwa akileta utaratibu mpya, Shangazi anamsikiliza mpaka mwisho, kisha anauliza kama paa limeshapona. Kwa swali hilo tumefuta matangazo ishirini na sita. Moja liliwataka wanajeshi waje na picha mbili za bunduki, ubavu na uso. Hatukuwahi kujua uso wa bunduki uko upande gani.

Wiki iliyopita Inspekta Nakasone aliniagiza niandike tangazo la dirisha la tatu, kwa kuwa mrithi bado hajapatikana. Niliandika: "Dirisha hili limefungwa kwa muda." Shangazi alikuwa nyuma yangu amebeba sahani ya malasada, akasoma juu ya bega langu kama kawaida yake.

"Kwa muda, hadi lini?" akauliza.

  Ninajua mrithi atakuja, ataketi kwenye kiti kile na kugonga muhuri uleule, na ninajua pia kwamba kwa "kwa muda" nilimaanisha hadi Shangazi arudi. Shangazi aliweka sahani chini, akachukua kalamu yangu, akayakata maneno mawili ya mwisho kwa mstari mmoja ulionyooka. Kisha akanipa andazi.

Shangazi Haunani, ofisi nzima inakushukuru, na kambi nzima, na bunduki ya marehemu babu wa Nebraska. Mashada ya maua ya shingoni yakufike masikioni, magoti yako yakukubalie bustani, na siku zako zote zijazo usizipangie tarehe ya mwisho.

Rodel Agbayani, dirisha la pili