Dakika Nne za Disko

Benchi liko nje ya kibanda cha kinyozi, limebanwa kati ya ukuta na mtaro wa maji. Limetengenezwa na Seremala kwa vipande vya mbao alivyobakiza kazini, na halijawahi kuyumba, jambo ambalo yeye mwenyewe hachoki kuwakumbusha wanaolikalia. Jioni kazi zikipungua hukaa watu watatu. Kuna Soli, fundi viatu, ambaye hajawahi kusikia habari akaiacha ilivyo. Kuna Faili, karani mstaafu, anayesema kila jambo kama mtu aliyelisoma kwenye barua ya siri. Na kuna Seremala, mzee wa maneno machache. Kinyozi huchangia kutoka mlangoni, mkasi mkononi, na Mama Birika huwauzia kahawa na kuwanyamazisha wanapozidi. Jumatatu hiyo hakuna aliyeuliza wazungumze nini. Jana yake mchana runinga ilikuwa imeonyesha filamu ya maisha ya marehemu Kinyonga, mwanamuziki wa mtaa wao, na ndani ya filamu hiyo, mbele ya dunia nzima, walikuwamo wao watatu wamekaa kwenye benchi hilihili.

— Dakika nne, alisema Faili. Nilipima kwa saa. Filamu ya saa moja na nusu, disko yote ikapewa dakika nne.

— Na katika hizo nne, mbili ni zetu, alisema Soli kwa fahari. Mimi nimeonekana mara tatu. Mke wangu amehesabu.

— Umeonekana meno, alisema Mama Birika. Uso ulikuwa umeufunika kwa kikombe.

— Meno ni yangu pia, mama.

Kinyozi alitoa kichwa nje ya mlango.

— Lakini aliyeua ni Seremala, bwana! Mteja wangu hapa alicheka mpaka nikaogopa kumkata sikio. Hebu irudie ile, Seremala. Irudie tu.

Seremala alitazama kahawa yake.

— Mmeshaisikia, alisema.

Basi Soli akairudia kwa niaba yake. Alisimama kabisa, akashika kiuno, akaigiza sauti nzito ya Seremala: "Kinyonga aliipiga hiyo disko yake mpaka mkewe akaziba masikio. Na mpaka leo hajazibua!" Wote wakaangua kicheko upya kama vile hawajawahi kuisikia, na mtu aliyekuwa akinyolewa ndani alisikika akikohoa chini ya kitambaa.

Seremala hakucheka. Usiku uliopita hakupata lepe la usingizi kwa ajili ya maneno hayo, na kutwa nzima amepiga randa ubao mmoja mpaka ukawa mwembamba kuliko alivyoagizwa.

Kinyonga aliitwa hivyo kwa kuwa hakukaa kwenye muziki mmoja. Alianza na bendi ya dansi, akahamia kwaya, akapitia tarumbeta, kisha kwa miaka miwili akavaa suti inayong'aa akapiga disko. Baadaye akarudi na gitaa moja tu, akiimba peke yake kwenye kiti, na hilo ndilo watu walilompendea hadi kifo chake. Filamu ilimsifu kwa kila hatua isipokuwa ile ya disko. Hapo muziki wa filamu ulibadilika ukawa wa kuchekesha. Ikaonyeshwa ile suti. Akatokea mtaalamu mwenye miwani akasema kwamba katika santuri zake mbili za disko ngoma imefunika kila kitu, kwamba bila shaka msanii alikuwa amepoteza sikio lake. Kisha wakaja wao wa benchini, wakicheka.

— Mimi nawaambieni kuna mkono wa watu, alisema Faili, akishusha sauti. Wapenzi wa dansi la zamani hawajamsamehe. Walikaa na wale wa filamu wakawaambia, disko mpitie juujuu. Jambo hili lina kumbukumbu mahali, kwa maandishi.

— Kumbukumbu ya nini! alisema Soli. Ninyi mmeiangalia vizuri ile picha ya suti? Yule siye Kinyonga.

— Eti?

— Siye. Kinyonga alikuwa na mwanya. Yule wa kwenye suti hana. Nadhani alikuwa na pacha. Kinyonga alikwenda kupumzika miaka miwili, pacha akashika nafasi, na ndiyo maana ngoma ikawa vile. Pacha hakujua muziki.

— Soli, Kinyonga tumekua naye, alisema Mama Birika. Huyo pacha alikuwa akilala wapi?

— Ndiyo siri yenyewe!

Kinyozi alitoka nje kabisa sasa, mteja kamwacha nusu.

— Ninyi hamjui. Lile duara la vioo linalozunguka dansini, lile linalomwaga mwanga. Ukilitazama usiku mmoja, sawa. Ukilitazama miaka miwili, akili inazunguka nalo. Mimi nashinda mbele ya kioo, najua ninachosema. Mtu alikuwa anapiga muziki huku amelala macho wazi.

— Basi hata pacha alilala, alisema Soli, ambaye hakuwa tayari kumpoteza pacha wake.

Seremala aliwasikiliza. Alikuwa akiwapenda watu hawa. Ndio waliosimama naye alipomzika mke wake mwenyewe. Lakini jioni hiyo kila neno lao lilimkera, na kilichomkera zaidi ni kwamba yeye ndiye aliyewapa kichekesho kikubwa kuliko vyote, na yeye peke yake kati yao alikuwa anajua ukweli.

Aliujua kwa sababu aliukata kwa msumeno wake. Kabla tu ya ile miaka ya disko Kinyonga alimjia karakanani, uso umemsawijika. Mkewe alikuwa ametoka kujifungua mtoto wa kike, akashikwa na homa ya uti wa mgongo, na ndani ya wiki moja masikio yote mawili yalikuwa yamekwenda. Hawakutaka mtaa ujue; mama mwenyewe alikataa kuonewa huruma. Kinyonga alitaka kasha la spika. Seremala akampigia hesabu ya kasha la kawaida, mbao nzito, ndani limezibwa sponji ili lisitetemeke. Kinyonga akasema hapana. Alitaka litetemeke. Alitaka plaiwudi nyembamba upande wa mbele, bila sponji, na chini yake sakafu ya mbao iliyoinuliwa kidogo. Seremala alibishana naye kwamba hiyo ni kazi ya kuharibu jina, kisha akaifanya. Siku ya kulijaribu Kinyonga aliipitisha humo ngoma ya mguu, pigo baada ya pigo, sawasawa, haichoki, na mkewe aliyekaa kimya tangu homa akaja peku, akaweka viganja vyote viwili juu ya ubao. Akaanza kuchezesha bega.

Ndipo Kinyonga akaingia kwenye disko. Muziki mwingine wowote haukupita kwenye ubao. Kila alichorekodi alikileta kwanza pale sakafuni, na mkewe ndiye aliyesema hiki kinafaa, hiki rudia, hapa ongeza ngoma. Na ngoma ikaongezwa. Mtaa ulipokuja kugundua kwamba yule mama hasikii, disko ilikuwa tayari imeshatoka, basi watu wakaunganisha wenyewe kwamba ngoma ndiyo iliyomziba masikio.

Hayo yote Seremala alitaka kuwaambia watu wa filamu. Alianza vizuri kabisa, akawaeleza kwanza tofauti ya plaiwudi na mbao. Kijana wa kamera akatazama jua linavyoshuka, akasema: "Mzee, fupi kidogo, na uchangamke." Kamera ikageukia kwa Faili, Faili akachekesha. Ikaenda kwa Soli, Soli akachekesha zaidi. Seremala akaachwa pembeni na plaiwudi yake. Ilipopita tena usoni pake, akasema lile lililokuwa likisemwa mtaani. Wakacheka wote, na kijana wa kamera akamwinulia kidole gumba. Aibu gani hii, mzee wa miaka sabini na mbili kuuza rafiki kwa kidole gumba.

— Sikilizeni, alisema sasa, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia. Ile ngoma aliipandisha kwa makusudi.

Wakamgeukia.

— Mkewe alikuwa hasikii tayari. Kabla ya disko. Ni homa. Mimi nilitengeneza kasha la kutetemeka, akawa anasikia kwa viganja. Yule mama ndiye aliyekuwa akichagua nyimbo.

Faili alisogea ukingoni mwa benchi.

— Subiri, alisema Faili polepole. Unataka kusema mtu asiyesikia ndiye aliyekuwa anachagua nyimbo?

— Ndiyo.

— Kwa viganja?

— Na kwa nyayo.

Soli alipiga makofi mara moja, akajirusha nyuma hadi kichwa kikagonga ukuta.

— Nimeshindwa! Jamani, mimi na pacha wangu tumeshindwa! Mama Birika, mpe huyu mzee kikombe, nalipa mimi!

— Na jana alisema ngoma ndiyo iliyomziba masikio, alisema Kinyozi, akifuta machozi ya kicheko. Leo masikio ndiyo yameleta ngoma! Seremala, ukiendelea hivi watakuja kukufanyia filamu yako mwenyewe.

— Nasema kweli, alisema Seremala.

— Hata mimi nasema kweli, alisema Soli. Angalia mwanya!

Seremala alipokea kikombe cha ushindi. Na kwa kuwa wote walikuwa wakimtazama kwa mapenzi, midomo yake ikafanya kile ilichozoea kufanya benchini pale: akacheka kidogo pamoja nao. Akajisikia akicheka, akajichukia.

Mama Birika ndiye aliyemwona mgeni kwanza. Mwanamke wa umri wa miaka arobaini hivi alikuwa akivuka mtaro, kavaa koti jeupe la maabara chini ya mtandio, ametoka kazini. Soli alimeza kicheko kilichobaki. Mgeni alikuwa binti wa Kinyonga.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama, marahaba, walijibu kwa pamoja, wakisogeana kumpa nafasi. Hakukaa.

— Hongera kwa filamu, alisema Faili, kwa sauti ya ofisini. Marehemu ameheshimiwa.

— Ahsante, baba.

Kisha akamgeukia Seremala.

— Baba mdogo, nimetumwa na mama.

Seremala aliweka kikombe chini.

— Hajambo?

— Hajambo. Jana tuliangalia naye mwanzo hadi mwisho. Yeye anatazama picha, mimi nakaa mbele yake namwambia kwa mikono wanachosema. Hata yule mwenye miwani nilimwambia. Mama alicheka, akasema baba angempenda huyo, kwa kuwa kweli ngoma ilifunika kila kitu, na yeye mama ndiye aliyeomba iongezwe.

Hapo Faili alimtazama Soli, Soli akatazama viatu vyake. Kinyozi alirudi hatua moja, akasimama nusu ndani nusu nje.

— Mlipotokea ninyi, aliendelea, mikono ilinigoma. Nikamwambia sauti imekatika. Hakukasirika. Lakini amekuona wewe unaongea, baba mdogo, na wote wanacheka, na wewe unacheka. Amefurahi sana. Jana hakulala mapema, alikuwa akinisimulia wewe na baba mlivyobishana kuhusu sponji. Anasema baada ya baba hakuna mwingine duniani anayeijua habari ya lile kasha isipokuwa wewe, kwa hiyo kwa vyovyote hiyo ndiyo uliyowaeleza, na ndiyo iliyowafurahisha.

Mama Birika alikuwa amefungua birika akakuta hakuna kitu, akalifunika taratibu.

— Asubuhi kaniamsha kwa swali hilohilo. Kaniambia, ukitoka kazini pitia benchini, ukamwulize mwenyewe. Anataka neno kwa neno.

Sauti yake haikuwa na ukali wowote. Ingekuwa na ukali, pengine Seremala angejua pa kushika.

— Mimi nimelisikia ulilosema, baba mdogo. Sikuja kugombana. Nimekuja kwa sababu nyumbani kuna mtu anasubiri mlangoni. Nikifika, nimwambie ulisema nini?

Faili alivua kofia. Ndani, mteja aliyeachwa nusu kichwa aliita, Kinyozi akampungia mkono asubiri.

Seremala aliinua mikono yake. Miaka ile, alipokuwa akienda kurekebisha kasha, yule mama alimfundisha maneno machache ya mikono ili wafanye kazi pamoja: gusa, tena, bado, vizuri, ahsante. Alitafuta kati ya hayo moja tu la kumkabidhi binti aende nalo. Mikono ilipanda mpaka usawa wa kifua, ikasimama hapo; kati ya matano hayo hakuna lililotosha. Binti wa Kinyonga hakuondoa macho. Alikuwa ametazama mikono ya watu maisha yake yote, akisubiri iseme.