Leander Vatcher, Aliyeshika Winchi ya Cape Marrow

Marehemu Leander Vatcher alizaliwa tarehe 9 Machi 1939 hapa hapa kijijini Otter Tickle, katika nyumba ambayo leo mnaona mawe ya msingi wake tu, hapo nyuma ya alipo mchungaji. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Eli na Keziah Vatcher. Mdogo wake, Wilfred, aliyeitwa Wilf tangu siku ya ubatizo, alizaliwa mwaka 1945, na hapakuwa na mwingine tena. Mama Keziah alikuwa na sheria moja mezani. Leander akiingia peke yake kula, mama aliuliza, "Mwenzako yuko wapi?" Leander akijibu, "Yuko nyuma, anakuja," mama aliifunika sufuria. "Basi kamsubiri mlangoni. Mtakula mkiwa wawili." Kwa hiyo marehemu alikua akisimama mlangoni na njaa yake, akimwangalia Wilf anavyojivuta njiani akirusha mawe majini.

Alisoma katika shule ya chumba kimoja iliyokuwa pale juu ya mwamba, kuanzia 1946 hadi 1952, mwalimu akiwa Bi Pardy. Hesabu hazikumpenda, naye hakuzipenda. Siku moja alipachika fito mbili kwenye dirisha la dari ya shule, akafunga kapi na kamba ya kuvulia, akaanza kumshusha Wilf nje akiwa ndani ya kikapu cha samaki. Bi Pardy alitoka mbio.

"Vatcher! Unafanya nini?"

"Namshusha mdogo wangu, mwalimu."

"Na akianguka?"

"Haanguki. Nimemshika."

Kamba iliteleza kweli, ikamchuna viganja vyote viwili, lakini hakuiachia mpaka kikapu kikatua kwenye nyasi. Alama zile anazikwa nazo leo. Ukimpa mkono ulizisikia.

Mwaka 1954 alianza kazi kwenye merikebu za samaki wa chumvi, na mwaka 1962 akaajiriwa katika meli ya uokoaji Cape Marrow. Huko alikabidhiwa winchi, mashine ya kushusha na kupandisha mashua ya ubavu wa kushoto, na hakuna aliyemnyang'anya tena kwa miaka thelathini na moja. Kwa wale mliokulia bara: meli ya uokoaji haiwezi kusogea karibu na miamba, kwa hiyo hutuma mashua. Mashua huning'inia kwa waya kwenye mikono miwili ya chuma. Mikono hutolewa nje ya ubavu, breki hulegezwa, mashua hushuka na watu wake. Ikirudi hutiwa kulabu, na mota huivuta hadi usawa wa sitaha, watu washuke. Baada ya hapo mota huzimwa, na kipande cha mwisho, cha kuilaza mashua tupu mahali pake, huzungushwa kwa mpini, kwa nguvu za mtu. Hapo kwenye mpini ndipo mambo ya marehemu yalipo.

Alikuwa na mkono wa ajabu. Aliweza kumtaja aliyepanda mashua kabla hajaiona kofia yake. "Garland," alikuwa akipaza sauti kutoka kwenye winchi, "umekula tena pudingi ya mama yako? Waya unalia!" Garland ni Garland Durnford, shemeji yake, ambaye ndiye anayewasomea haya, na ambaye hajawahi kuamini mizimu. Mlijue hilo mapema.

Tarehe 22 Juni 1963 marehemu alimwoa Drusilla Durnford, dada yake Garland, katika kanisa lililokuwa hapa. Wilf alipiga akodioni mpaka kidole kikatoka damu. Mungu aliwajalia binti mmoja, Verna. Septemba 1968 serikali ilituhamisha sote kwenda mji wa Harbour Breton, kwa kuwa hapa hapakuwa na barabara, umeme wala daktari. Nyumba ya Vatcher ilifungiwa mapipa matupu, ikavutwa juu ya maji kama bata, na mapazia yake yakiwa dirishani. Mama Keziah alikuwa ameshafariki, na tunashukuru hakuyaona.

Sasa yale ambayo Verna alitaka yaachwe, lakini Drusilla akasema yasomwe.

Tarehe 17 Februari 1970 meli moja ya uvuvi ilikwama kwenye mwamba nje ya kisiwa cha Ramea. Mashua ilishushwa ikiwa na Garland, Wilf, ambaye naye alikuwa baharia wa Cape Marrow, na baharia wa tatu, Leander akiwa kwenye breki. Wilf alikaa ubao wa katikati, mahali pake pa siku zote. Tuliwachukua wavuvi wote wakiwa hai. Wakati wa kurudi, ukungu ukiwa umeshuka, wimbi lilitupiga kwa ubavu, na ubao wa katikati ukabaki bila mtu. Tulizunguka na kuita mpaka sauti zikakauka. Tulipovutwa juu, hatukuhitaji kumwambia Leander. Alikuwa amejua tangu kulabu ziliposhika.

Kwenye pwani hii kulikuwa na desturi, na tuliobaki tunaoijua tunaweza kukaa benchi moja. Mashua ikirudi pungufu hailazwi. Huachwa ikining'inia usawa wa sitaha, kamba zake zikiwa hazijafungwa, mpaka meli ipite kijijini kwa yule aliyepotea, isimame kidogo, ndipo ilazwe. Ni ili ashuke kwao. Nahodha alikuwa mgeni, mtu wa Ontario, bara huko, si mtu mbaya, na barafu ilikuwa inaganda kwenye waya.

"Ilazeni hiyo mashua," alisema.

"Nahodha, tupite kwanza Otter Tickle," Leander akamwambia.

"Otter Tickle kuna nani?"

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na mawe haya mnayoyaona. Leander akashika mpini, akailaza mashua.

Wiki iliyofuata, bandarini, mchana kweupe, tulifanya mazoezi. Mashua ilipanda, tukashuka sote sitahani, mota ikazimwa, Leander akaanza kuzungusha. Akasimama.

"Nani kabaki ndani?"

"Hamna mtu," akasema Garland.

"Yupo mmoja."

"Leander, jamani, tuko hapa wote mbele yako."

"Basi njoo uzungushe wewe."

Garland alizungusha. Ilikuwa nzito, ndiyo. Akasema ni grisi. Fundi wa meli akaifungua winchi, akaisafisha, akatia grisi mpya, na ikawa nzito vilevile, uzito wa kijana mwembamba aliyevaa buti. Garland akasema basi ni waya umevimba kwa maji. Alikuwa na jibu kila mara, huyo Garland.

Hakuwa na jibu la ule ubao. Mashua ilifunikwa turubai, jua la Julai likawaka, kila kitu ndani kikakauka mpaka rangi ikabanduka, lakini ubao wa katikati ulikuwa umelowa. Siyo unyevu. Umelowa, maji ya chumvi, kwa upana wa mtu mmoja. Ukiupangusa na kugeuka kuchukua kamba, ukirudi umelowa tena. Hakuna aliyekaa pale kwa miaka ishirini na tatu. Baharia mpya akitaka kukaa aliambiwa tu, "Sogea, hapo pana mtu," naye akidhani ni utani alicheka, kisha akatuangalia nyuso, akasogea.

Marehemu hakuogopa. Aliumia. Kila mashua ilipofika usawa wa sitaha aliacha mpini, akasubiri kama anayemshikia mtu mlango, akasema taratibu, "Haya, shuka basi, Wilf." Akangoja. Kisha akaulaza ule uzito pamoja na mashua, na usiku huo hakula.

Cape Marrow ilipostaafishwa mwaka 1993, marehemu alistaafu nayo. Alinunua ile mikono ya chuma, winchi na mashua kwa bei ya vyuma chakavu, akavileta hapa Otter Tickle, akamimina zege, akavisimika kwenye gati mnaloliona pale chini. Akajenga na kibanda juu ya msingi wa nyumba yao. Kila kiangazi alikuja, akawasha jiko ili moshi uonekane, akatoka na mashua hadi mdomo wa ghuba, akarudi, akaivuta. Nzito. Mwaka mwingine alikaa yeye kibandani, akamwomba Garland akailete mashua. Garland aliileta, akaizungusha huku akilaani. Nzito.

Jioni moja, wakila samaki wa chumvi na viazi, alimuuliza mkewe, "Drusilla, kwa nini hashuki? Nimemfikisha mpaka mlangoni."

Drusilla hakuinua hata macho. "Ashuke akae na nani? Anajua unaondoka Jumapili."

Marehemu aliweka uma chini. Tangu siku hiyo hakumuuliza mtu tena.

Mwaka 2014 alianza kukohoa, na hospitali ikaona ugonjwa wa mapafu. Aliuguzwa na Drusilla na Verna nyumbani, Harbour Breton, kwa upendo mwingi na ugomvi mmoja. Drusilla alikuwa ameshanunua kaburi la watu wawili, lenye kivuli, karibu na kanisa. Marehemu akasema yeye atazikwa Otter Tickle.

"Kule hakuna hata njia!" akasema Drusilla. "Nani atakuja kukupalilia?"

"Mama angenifunikia sufuria."

"Leander, miaka hamsini na zaidi nimelala ubavuni kwako, sasa unanihama unaenda kwa kaka yako?"

"Mdogo wangu," akamsahihisha. "Naye yuko nyuma, anakuja. Natakiwa nimsubiri mlangoni."

Drusilla alilia siku nzima, akavunja sahani, na asubuhi yake akaenda mwenyewe kulirudisha lile kaburi. Halafu akaja kwa Garland. "Utashika winchi wewe," akamwambia, "na mdomo wako huo ukae kimya." Marehemu aliaga dunia tarehe 3 Oktoba 2016, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 77, mikono yake miwili ikiwa juu ya blanketi, viganja juu.

Yanayofuata hayamo kwenye programu mliyoshika. Garland ameyaandika kwa penseli asubuhi hii, amekaa juu ya winchi, nyinyi mkiwa mmeshapanda kilima.

Mmeona jeneza likifika katika mashua ileile. Mmeona vijana sita wakilitoa mashua ilipofika usawa wa gati, na mkaondoka nalo. Mashua ikabaki tupu, na Garland akabaki na mpini. Alizungusha. Ilikuwa nzito, uzito uleule, na akaanza kujiambia habari za grisi, kwa mazoea. Akasimama kupumua, akaangalia juu. Mlikuwa mnalitua jeneza hapo ndani ya mawe ya msingi, palipokuwa na mlango, kama alivyoagiza, ili lipumzike kidogo kabla ya kaburi. Drusilla aliweka mkono juu yake.

Mashua iliyumba. Iliinama upande wa gati, jinsi inavyoinama mtu anapoweka mguu ukingoni ili atoke, kisha ikainuka. Hapakuwa na upepo, mmeiona bahari ilivyo leo. Mpini ukalegea mkononi mwa Garland ghafla hivi kwamba alikaribia kuanguka. Ubao wa gati ulilia karibu yake, na unaofuata, na unaofuata, kuelekea huku juu. Garland hakugeuza kichwa. Ana miaka sabini na tano na hajawahi kuamini mizimu, lakini alivua kofia.

Kisha akaingia mashuani, akaweka kiganja kwenye ubao wa katikati. Ulikuwa mkavu. Ulikuwa na joto la jua, kama ubao mwingine wowote.

Drusilla, umekuwa ukinikodolea macho tangu nilipopanda huku juu, ukiuliza bila kuuliza. Hilo ndilo jibu lako, dada yangu. Mashua imelazwa, nayo ni nyepesi. Mumeo hasubiri tena.

Marehemu ameacha mjane, Drusilla. Binti, Verna, na mumewe Clyde. Wajukuu wawili, Brent na Tamsin. Shemeji yake, Garland. Na mabaharia wa Cape Marrow waliobaki, ambao leo wanatosha kwenye mashua moja na nafasi inabaki. Ametanguliwa na wazazi wake, Eli na Keziah, na ameungana na mdogo wake, Wilfred.

Mama, funua sufuria. Wamefika wawili. Wapumzike kwa amani.